Ifungeni Leo Leo

Nilifika Dabaso nikiwa nimeshakasirika. Mdogo wangu alikuwa amenipigia simu mara tu baada ya sala ya alfajiri kuniambia kwamba ile mashine ya intaneti niliyowatengenezea haipati mtandao, na kwamba mumewe ameizima na kuiwasha hata kitufe kimelegea. Niliacha chai yangu mezani kwangu Barani, mjini Malindi, nikachukua kompyuta na nyaya zangu, nikaendesha gari huku nikipitia moyoni makosa yote ambayo fundi wa stima aweza kuyafanya mbele ya kitu kisichokuwa stima. Shemeji yangu ni fundi wa stima. Nampenda, na nayaandika haya kwa idhini yake. Lakini ni mtu anayeamini kwamba kila chenye waya ni cha ukoo wake.

Kilichonikasirisha zaidi ni saa. Saa tano ya asubuhi hiyo mdogo wangu alitakiwa aonekane katika kioo cha kompyuta akitoa somo la majaribio. Shule moja ya lugha iliyoko ng'ambo ilikuwa ikitafuta mwalimu wa Kiswahili aliyezaliwa pwani, mwenye matamshi ya pwani, wa kufundisha kwa video. Alikuwa amepita katika maandishi na katika mahojiano. Lililobaki lilikuwa somo hilo moja. Tangu shule ya chekechea aliyokuwa akifundisha ivunjike, hakuwa na kazi. Angeipata hii, angeifanyia chumbani mwake, karibu na kitanda cha Mama. Angeikosa, ilikuwapo nafasi ya mapokezi katika hoteli moja ya Watamu, zamu za mchana na za usiku, na Mama, ambaye tangu alipoanguka na kuvunjika nyonga hatembei bila ya mkongojo wala haachwi peke yake, ingebidi ahamie kwangu Barani, maana shemeji naye hushinda juu ya dari za watu. Mama mwenyewe alikuwa ametoa kauli yake mapema, bila ya kuzunguka: "Mimi sihami. Fanyeni mnavyofanya."

Nyumba ya Mama iko bondeni, upande wa mikoko, na simu haishiki humo ndani. Ukitaka kuzungumza na mtu hutoka, ukapita zizi la jirani, ukafika barabarani. Ndiyo sababu niliwatengenezea ruta, yaani kile kisanduku kinachopokea mtandao na kuugawa ndani ya nyumba. Hii haikuwa ya dukani. Ilikuwa ya ofisi moja iliyohama, nami nilikuwa nimefuta kila kilichokuwamo na kuiwekea Linux, mfumo ambao nimeishi nao tangu chuo kikuu na ambao hunilisha, kwa kuwa kazi yangu ni kutunza kompyuta za mahoteli. Ndani yake mna modemu inayotumia laini kama ya simu, na nyuma mna matundu ya kutilia waya wa antena. Niliijaribu kwangu kwa laini yangu, ikafanya kazi bila ya kukohoa. Alichobakiziwa shemeji ni kusimamisha antena juu ya paa, kununua laini mpya ya kampuni ambayo mnara wake unaonekana ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, na kuitia. Aliyafanya hayo yote Jumapili. Jioni haikushika. Akasema laini mpya huchelewa kuamka, wangoje asubuhi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo umeutoa wapi?"

"Njiani."

"Urudishe."

Shemeji alikuwa amesimama kando ya meza, ameshika bisibisi ambayo hakuna aliyeihitaji. "Karibu, daktari," akasema. "Mgonjwa huyu hapa. Taa zote zawaka, damu yapita, lakini hasemi."

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Shemeji."

"Nimegusa kitufe."

Mdogo wangu alikuwa amekwisha vaa. Gauni lake jema, ushungi uliopigwa pasi, na nyuma ya kiti chake alikuwa ametundika mkeka mpya ukutani ili wale wa ng'ambo wasione palipobanduka rangi. Ana tabia, akiwa na hofu, ya kupangusa vitu ambavyo ni safi, na wakati huo alikuwa akipangusa kioo cha kompyuta.

Nilichomeka waya, nikaingia katika ruta, nikaanza kuuliza. Hivyo ndivyo Linux inavyotaka: huiulizi kwa jumla una nini, bali waiuliza neno moja moja, na kila neno hulijibu kwa ukweli. Modemu waiona? Naiona. Ndani yake mna laini? Imo, na tarakimu zake ndizo hizi. Mawimbi yafika? Yafika, tena kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Shemeji alikuwa ameielekeza antena barabara. Umejiandikisha kwa mnara? Natafuta. Nikangoja. Nikauliza tena. Safari hii jibu lilikuwa neno moja la Kiingereza, na maana yake: nimekataliwa.

Nimekwisha sema kwamba mfumo huo husema kweli. Niongeze kwamba husema kweli uliyoiuliza, na hiyo tu. Umekataliwa na nani? Na mnara. Kwa nini? Kimya. Nilizisoma kumbukumbu zake, mstari baada ya mstari, ule mto wa herufi ndogo ambamo mashine huandika kila inalofanya, nikakuta imebisha hodi kwa mnara ule usiku kucha, na usiku kucha imefukuzwa bila ya kuambiwa kosa lake. Kwa muda mfupi niliionea huruma. Kisha nikakumbuka saa.

Nilianza na lango. Kila kampuni ya simu ina jina la lango ambalo modemu hulitaja ili ifunguliwe intaneti. Ukikosea herufi moja unabaki nje. Nililiandika upya. Nikalifuta. Nikaliandika kama lilivyo katika simu ya shemeji. Nimekataliwa. Nikailazimisha modemu iache mawimbi mapya, itumie yale ya zamani. Nimekataliwa. Nikaizima modemu peke yake na kuiacha ruta ikiwaka. Nikaiondoa programu inayosimama kati yangu na modemu, nikaanza kuiamrisha modemu mimi mwenyewe kwa zile amri fupi fupi za kale ambazo sikuzigusa tangu ujana wangu. Na hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika rangi, kwa sababu kila amri niliyoiandika ilijibiwa "sawa". Jitenge na mnara: sawa. Rudi kwa mnara: sawa. Jisajili: sawa. Na baada ya sawa hizo zote, nikiuliza hali, hali ilikuwa ile ile. Mtu anayekujibu "sawa" kwa adabu na asifanye kitu ni mtu ninayemjua. Nimefanya kazi chini yake katika ofisi tatu.

"Laini umenunua wapi?"

"Gede, dukani," shemeji akasema. "Kwa kitambulisho changu. Nikapigwa na picha."

"Ilishika?"

"Pale pale. Niliitia katika simu nikampigia huyu alipokuwa barabarani, nikamwambia apike wali."

"Alipika," Mama akasema kutoka kitandani. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na hakuna lililompita.

Kwa hiyo ruta ilikuwa nzima kwangu, na laini ilikuwa nzima Gede, na vizima hivyo viwili vilipokutana Dabaso vikawa kibovu kimoja. Katika hesabu kama hiyo kinachobaki ni mtu. Nikamwambia shemeji apande juu ya paa akatazame waya wa antena, nami nilijua kwamba waya hauna kosa, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakifika. Nilimpandisha kwa sababu sikutaka kumwona.

"Waya haujapinda!" akapiga kelele kutoka juu.

"Tazama kwenye kiungo!"

"Kiungo nimekitazama! Nimekifunga mwenyewe kwa mkono wangu!"

"Ndiyo sababu nataka kitazamwe! Wewe ulichokigusa hakiponi!"

Shemeji akashuka. Mdogo wangu akainua macho akanitazama, kisha akarudi kupangusa.

"Hapa hapajafa mtu," Mama akasema. "Punguzeni sauti, majirani watakuja na sukari."

"Dada," mdogo wangu akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu nifike, "saa nne imepita."

Nikaamua kufanya jambo ambalo fundi yeyote angelianza nalo, nami sikulianza kwa kuwa nilikwisha ambiwa kwamba laini ilishika Gede: niitoe katika ruta niitie katika simu. Kitundu cha laini katika simu ya shemeji hutaka kitu chembamba cha kukisukumia, na kitu hicho hakikuonekana. Mama akachomoa pini ya ushungi wake akanipa. Tukatoka sisi sote watatu, tukamwacha Mama na mlango wazi, tukapita zizi, tukafika barabarani. Simu ilifikiri, kisha ikaandika juu ya kioo chake kwamba hapana huduma isipokuwa ya dharura.

Basi mgonjwa alikuwa laini. Kwa simu yangu nikapiga namba ya wateja ya kampuni ile. Sauti iliyorekodiwa ikanikaribisha, ikanisifia kampuni, ikaniuliza lugha nitakayo, nikachagua Kiswahili. Ukaja muziki. Baada ya muziki akaja kijana.

"Habari yako, madam? Nikusaidie aje?"

Nikampa namba ya laini, nikampa shemeji simu ataje jina lake na namba ya kitambulisho chake, kisha nikaiweka simu katika spika ili tusikie sote.

"Sawa, nimeiona," kijana akasema. "Hii laini ilifungwa jana jioni, madam."

"Imefungwa na nani?"

"Ni mwenyewe alipiga akaomba ifungwe."

"Mwenyewe nani?"

Shemeji akaisogelea simu. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye amepata shahidi. "Ndiyo!" akasema. "Ni mimi! Niliwaambia mimi waifunge. Kwani mpaka sasa hamjaifunga?"

Mdogo wangu akamgeukia mumewe.

Yule muuzaji wa Gede, kama tulivyokuja kuelezwa pale pale barabarani, ni mtoto wa pwani. Alipomuuzia shemeji laini na kusikia kwamba ni ya mashine, alimwambia: "Ukifika nyumbani wapigie wateja, wakufungie intaneti." Maana yake ilikuwa wazi kwa wote wawili. Kwetu, fundi hufunga. Hufunga taa, hufunga feni, hufunga mita, hufunga bomba na tangi. Nyumba iliyofungwa stima ni nyumba yenye nuru, na mtu akikwambia wamekuja kutufungia maji, hushangilia. Shemeji amekula jasho la kitenzi hicho maisha yake yote. Basi Jumapili, kabla ya kuingia nyumbani, alipiga simu pale barabarani kwa laini yake ya zamani, akamwambia aliyepokea: "Nataka mnifungie laini yangu mpya." Yule akamuuliza, "Unataka tuifunge?" Akamjibu, "Naam, ifungeni." Akaulizwa, "Una uhakika?" Akajibu, "Nina uhakika, ifungeni leo leo, mwalimu ana kazi nayo kesho." Akaambiwa, "Imefungwa. Asante kwa kutuchagua." Naye akashukuru, akaitia laini katika ruta, akamwambia mkewe kwamba kampuni hii ina watu wenye heshima.

"Lakini alikuuliza kama una uhakika!" nikamwambia.

"Shemeji, mtu akikuuliza una uhakika, utamwambia huna?"

Kijana alikuwa bado yuko katika simu. Nilimweleza, kwa Kiswahili kilichopangwa sana, kwamba pamekuwa na kutoelewana kwa neno, na kwamba tunaomba laini irudishwe sasa hivi.

"Pole sana, madam. Hiyo kwa simu haiwezekani. Kufunga tunafunga kwa simu, lakini kufungua lazima mwenye laini aende kwa duka yetu na kitambulisho. Ni sababu ya usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wake, madam."

"Duka la karibu ni Malindi. Mtu ana kazi saa tano."

"Naelewa, madam."

"Huelewi."

"Nakusikia, madam. Kuna lingine nikusaidie?"

Nimekitafakari sana kile kikao cha barabarani, na kwa muda mrefu nilijaribu kujiambia kwamba hakuna aliyekosa. Tuliosoma tunapenda kusema hivyo. Hutupa sura ya watu wazima. Muuzaji alisema Kiswahili, shemeji alisema Kiswahili, mpokea simu wa Jumapili alisema Kiswahili, na kila mmoja alifanya aliloambiwa. Hilo si kweli, na sitaki liandikwe kwa mkono wangu. Mtu ananunua laini mchana, anaisajili, anapigwa picha, kisha jioni ya siku hiyo hiyo anaomba iuliwe, tena kwa furaha, tena kwa haraka, tena akitaja mwalimu na kazi ya kesho. Na kwa upande wa pili hapana hata mmoja anayejiuliza kwa nini. Mpokea simu alilazimika kuuliza "una uhakika", kwa sababu imeandikwa mbele yake aulize. "Kwa nini" haikuandikwa. Hilo ndilo kosa, nalo si lake. Ni la waliomwandikia maneno ya kusema na kumwondolea masikio.

Na nina hasira nyingine, kongwe zaidi. Tunaambiwa kila mara kwamba lugha hii ni yetu. Mgeni akija hoteli ninazozihudumia huelezwa kwamba hapa ndipo Kiswahili kilipo kitamu. Shule ya ng'ambo yatafuta mwalimu wa kwetu na si wa kwingine. Lakini katika nchi yetu wenyewe, mbele ya dirisha au simu yoyote yenye uwezo wa kutupa au kutunyima kitu, ni sisi tunaotakiwa kujifasiri. Kitenzi chetu kimeingia katika ofisi yao kikiwa na maana ya kuwasha, kikatoka kikiwa na maana ya kuzima, na aliyeitwa asiyejua ni shemeji yangu. Sauti ile iliyorekodiwa iliniuliza lugha nitakayo. Nilipaswa kuiuliza nayo: Kiswahili kipi?

Lakini hayo ni mawazo ya baadaye. Wakati ule ilikuwa karibu saa tano, na Barani kwangu, ambako mtandao hauna tabu, hakukuwa kukifikika. Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati yetu, viatu vyake vizuri vimeshika vumbi. Nilimngoja alie au anitukane. Akasema, "Leteni kiti."

Tukaleta kiti cha plastiki na kigoda. Akaketi kando ya barabara, kompyuta juu ya kigoda, simu yangu juu ya goti lake ikigawa mtandao wake mwembamba wa pale nje. Jua lilipiga kioo hata hakuonekana mtu ndani yake, kwa hiyo nilisimama nyuma yake nimetanda leso mbili juu ya kichwa chake kama hema. Shemeji alikwenda akasimama njiani, na kila bodaboda iliyokuja aliisimamisha kwa mikono miwili.

"Zima! Zima injini! Sukuma!"

"Kuna msiba?"

"Kuna mtihani! Sukuma, baba!"

Nao walisukuma, wallahi. Sijawahi kuona watu wakitii hivyo pasipo na polisi.

Msimamizi wa somo alikuwa mwanamke, na kwa ajili ya majaribio alijifanya mwanafunzi asiyejua kitu. Mdogo wangu alimfundisha maamkizi. Namwona mdogo wangu kila nijapo akisema na kuku na watoto wa jirani, lakini sikuwahi kumsikia akifundisha, na kwa dakika chache za mwanzo nilisahau mikono yangu iliyokufa ganzi. Alimweleza kwa nini mdogo ndiye aanzaye, na kwa nini jibu halirudishi neno lile lile. Alifanya sauti ya bibi, akafanya sauti ya mtoto mtukutu anayeamkia huku akikimbia. Yule mwanamke akacheka. Kisha kicheko kikakatika kikabaki mdomo wazi juu ya kioo. Kikarudi. Kikakatika. "Wanisikia?" mdogo wangu alikuwa akisema. "Wanisikia sasa?" Alirudia sentensi moja mara nyingi hata ikaacha kuwa somo. Nyuma yetu mbuzi wa jirani wakaanza. Mwisho mwanamke yule akarudi akiwa sauti tu, bila ya uso, akasema kwa upole mwingi kwamba wamesikia vya kutosha na kwamba watamwandikia.

"Vya kutosha vya nini?" shemeji akauliza. Mdogo wangu akaifunika kompyuta.

Mchana ule nilimpeleka shemeji Malindi na kitambulisho chake. Dukani, binti wa kaunta alimuuliza ana tatizo gani. Shemeji aliiweka laini mbele yake akaisukuma kwa kidole. "Mimi sisemi neno," akasema. "Nikitoa neno hapa mtaifunga nchi nzima. Hii hapa. Fanyeni mnavyofanya, iseme." Binti alicheka, akagonga vitufe viwili vitatu, akamrudishia. Haikuchukua muda wa kunywa maji. Tuliporudi Dabaso niliitia laini ndani ya ruta, nikaandika amri ya kuuliza hali, na kabla sijaondoa kidole jibu lilikuwa limekuja: imesajiliwa. Kutoka siku hiyo haijakatika hata mara moja. Ningependa ikatike. Kuna wakati naitazama taa yake ya kijani nikatamani kuitupa katika hori.

Shule iliandika wiki ile ile. Walimsifia matamshi yake, wakasifu ubunifu wake, wakasema kwamba kwa sasa wanahitaji mwalimu ambaye mtandao wake ni wa kutegemewa. Mdogo wangu alinisomea kwa Kiswahili, akifasiri papo hapo, kwa ufasaha ambao ulinichoma.

"Nitawaandikia," nikamwambia. "Nitawaeleza lililotokea. Mtandao sasa uko, wakujaribu tena."

"Usiwaandikie."

"Kwa nini?"

"Utawaambia nini, dada? Kwamba mwalimu wa Kiswahili amekosa mtandao kwa sababu ya Kiswahili? Watacheka, kisha watasema pole. Mimi sitaki kuchekwa na watu walioninyima."

"Ni haki yako!"

"Ni yangu. Basi niachie."

Nilimkasirikia kwa hilo pia. Niliwaandikia kampuni badala yake, barua ndefu, iliyopangwa, yenye mifano ya matumizi ya kitenzi. Nikajibiwa kwa ujumbe mfupi kwamba maoni yangu ni ya thamani. Shemeji, kwa upande wake, alikuwa ameacha utani. Alikuja kwangu siku moja kutengeneza swichi ambayo haikuwa mbovu, akaniambia akiwa amenipa mgongo kwamba tangu siku ile hawezi kumwambia mteja "nitakufungia" bila ya ulimi wake kusita. "Nasema nitakuwekea," akasema. "Kama mtu wa bara." Nilimwomba radhi kwa maneno niliyomtupia akiwa juu ya paa. Akasema ameyasahau. Hakuyasahau, na sikumtarajia ayasahau.

Mwezi uliofuata mdogo wangu alianza kazi ya hoteli, na Ijumaa moja baada ya sala nilikwenda kumchukua Mama. Hakulia wala hakubisha. Alitaka apakwe nywele mafuta kwanza, kisha akataka kitanda chake kitandikwe na kufunikwa kana kwamba atarudi jioni. Shemeji alimbeba hadi garini. Njia nzima Mama aliitazama barabara upande wake, akaniuliza mambo ya bei ya mchicha.

Kwangu nilikuwa nimemtengenezea chumba cha mbele, chenye dirisha na feni. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mkongojo mkononi, ushungi haujatoka, kama mtu aliyekuja kutoa pole na hataki kukawia. Nilimletea chai. Akasema chai yako nzuri. Nikafungua dirisha. Akasema mtaa wako una kelele. Kila kitu kilikuwa changu: maji yako, mlango wako, paka wako.

"Mama," nikasema, na nilisikia sauti yangu ikipanda, "hapa si kwangu peke yangu. Hapa ni kwako."

Akaweka kikombe chini polepole, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo na nimekosea kusoma mbele ya wageni.

"Mwanangu," akasema, "usinifundishe Kiswahili."